Krosi ya Nne ya Gari la Asli

Fundi Mohdhar wa Garsen ana tabia moja inayowaudhi wateja wenye haraka. Hafungi kifaa kipya kabla hajakaa kitako na kile kilichokufa. Atakiosha kwa petroli, atakifuta, atakiweka juu ya kitambaa cheupe, kisha atachutama mbele yake akikigeuzageuza huku mwenye gari amesimama pembeni anapuliza pumzi kama chatu. Ukimhimiza, atakujibu kwa Kiswahili chake cha Kipini, "Ngoja nikitazame kwa mato yangu," na vijana wa stendi watacheka, maana wao wamezoea macho. Yeye hajali. Miaka thelathini na zaidi amekaa Garsen na hajakubali kubadilisha hata neno moja.

Hakuja Garsen kutafuta ufundi. Alikuja akiwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la maembe, lori likaangusha propela karibu na daraja, na tajiri akamwacha alilinde mpaka kifaa kifike. Kifaa kilichukua siku kumi na moja. Siku zote hizo Mohdhar alikuwa chini ya lori pamoja na Zachary, fundi Mpokomo kutoka Kinakomba, akimshikia spana na kumuuliza maswali mpaka mzee wa watu akachoka. Lori lilipoondoka, tanboi hakuwamo. Zachary alirudi kwao kulima miaka mingi iliyopita, akamwachia gereji: paa la mabati, shimo la kushukia chini ya gari ambalo hujaa maji kila mto ukifura, na waya mrefu ukutani. Kwenye waya huo Mohdhar hutundika vifaa vilivyokufa, kila kimoja na kijikaratasi chenye jina la mwenye gari na tarehe. Mkewe, Nuriya, huuita waya huo makaburi.

Basi huyo ndiye Mohdhar, mtu wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, msafi kupita mafundi wote niliowahi kuwaona, na mwenye jina. Jina lake lina kisa, na kisa chenyewe hakuna asiyekijua kuanzia Minjila mpaka Hola.

Mwisho wa mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, mto ulipovunja kingo, barabara ya Garsen na Minjila ilikatika na watu wakawa wanavushwa kwa maboti. Land Cruiser la Asli lilinaswa upande wa Minjila, limesimama kwenye maji yanayofika magotini. Asli ni mama wa Kiorma anayekusanya maziwa kwa wanawake wenzake huko malishoni na kuyaleta mjini, na bila gari lake maziwa yale yanamwagwa. Alitaka linyanyuliwe lipite majini. Mohdhar akachonga vipande viwili vya chuma vyenye umbo la kabari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, vya kuwekwa kati ya ekseli ya nyuma na springi. Akavitia kwenye gunia pamoja na jeki na spana, akapanda boti. Maji yalikuwa ya tope, hata mkono wako huuoni. Alifanya kazi yote kwa kupapasa, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kichwa nje na mikono ndani, na alipomaliza gari lilisimama juu kama ngamia.

Kwa wiki sita gari hilo ndilo lililobeba maziwa, dawa, unga, na mara moja mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kisa cha fundi aliyefunga gari kwa kupapasa kikaenea. Kila aliyekisimulia alikiongeza chumvi, na kufikia mwaka uliofuata kulikuwa na mamba ndani yake, mamba aliyepita hatua mbili tu kutoka miguuni kwa Mohdhar. Mohdhar hakumwona mamba yeyote siku ile. Lakini hakuwahi kumkanusha, na mimi simlaumu, maana nani anayemfukuza mamba anayempa sifa?

Maji yalipokauka, wenye magari saba wengine walimjia wakitaka kunyanyuliwa vile vile. Alilitazama la Asli lilivyofungwa, akawafungia kwa mfano huo huo.

Kisha gari la Asli likaanza kula krosi.

Kwa asiyejua mambo ya chini ya gari: propela ni lile bomba refu la chuma linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka nyuma, kwenye difu, ambako magurudumu huzungushwa. Kwa vile gari hupanda na kushuka mashimoni, bomba haliwezi kukazwa tu ncha zote mbili likakaa. Kila ncha ina kiungo cha chuma chenye umbo la msalaba, kinachojikunja kama bega la mtu. Hicho ndicho krosi. Ncha zake nne zimevishwa vikombe, na ndani ya vikombe mna vijisindano vya chuma vinavyoogelea kwenye grisi. Krosi ikitunzwa hudumu miaka mitatu, minne, hata kwa barabara zetu hizi.

Ya kwanza ilikufa mwezi wa nane mwaka uliofuata mafuriko. Mohdhar alisema ni barabara. Ya pili ikafa mwezi wa kwanza, akasema tena ni barabara. Ya tatu ilipokufa mwezi wa tano, barabara ilikuwa imeshasingiziwa vya kutosha, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Nuriya hakulisahau. Alisimama mbele ya madereva pale stendi, krosi iliyokwisha mkononi, akatangaza kwamba duka la Mansur linauza feki.

Mansur ni ndugu yake Nuriya, toka nitoke. Duka lake la vipuri liko stendi, mkabala na kibanda anachopokelea Asli maziwa. Kwa miaka ishirini shemeji hao wawili walikunywa kahawa pamoja kila jioni. Baada ya siku ile Mansur alikunywa peke yake. Madereva wengine nao wakaanza kumpita wakiagiza vitu vyao Malindi.

Asli hakutaka maneno. Aliagiza krosi ya nne Mombasa, kwenye duka linalouza za kampuni yenyewe, ikaja na basi ndani ya boksi lililofungwa, Mohdhar akaifunga. Ilidumu wiki tisa.

Jumatatu moja mwezi wa nane, Land Cruiser liliingia gerejini likigonga kok! kila dereva alipoachia klachi. Dereva alikuwa Dukicha, mdogo wake Asli. Dukicha alikuwa na ng'ombe wake mpaka ule ukame mkubwa ulipowamaliza wote, na tangu hapo usukani wa gari la dada yake ndio unaomlishia watoto wanne. Asli mwenyewe alishuka upande wa pili, buibui limeingia vumbi mpaka magotini, na salamu aliitoa nusu.

"Fundi, mara ya kwanza ulisema barabara. Mara ya pili ulisema barabara. Mara ya tatu ulisema Mansur nauza feki," alisema. "Hii ya nne nimetoa Mombasa, mimi mwenyewe, iko na karatasi. Sasa utasema nini? Utasema ni mimi?"

"Sijasema kitu, Bi Asli. Niache nitazame kwanza."

"Kila siku natazama, natazama. Maziwa haingoji."

Mohdhar alihisi joto usoni. Madereva wawili watatu walikuwa wameshasogea, na aliwaona wanavyotazamana. Ikiwa krosi ya Mombasa nayo imekufa, basi feki haikuwa krosi. Kilichobaki ni mkono wa aliyeifunga. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ya kumpoteza mteja mmoja. Fundi wa mji mdogo akishasemwa kuwa mkono wake ni mbaya, hana pa kwenda kuusafisha.

Alichukua kitambaa chake cheupe akainama kuingia chini ya gari, na huko akakuta ametanguliwa. Paka wa gereji, ambaye siku zote huyakimbia magari, alikuwa ameinua shingo analamba propela. Alilamba kwa raha zake, macho yamefumba. Kando yake, sisimizi walikuwa wameshapanga msururu kupitia gurudumuni kwenda juu.

"Huyu kapatwa na nini?" Mohdhar aliuliza.

Alimsukuma paka, akafungua krosi ya nyuma, ile iliyo karibu na difu, akapitisha kidole ndani ya kikombe. Kilitoka na kitu cheusi chenye chembechembe, lakini hakikunata kama grisi. Akakinusa. Akakinusa tena. Kisha, Mungu amsamehe, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Samli!" alipiga ukelele kutoka chini ya gari. "Wallahi, ni samli!"

Alitoka na kidole juu, na kila mtu akataka kunusa. Asli alinusa, akageuka polepole kumtazama ndugu yake. Dukicha hakukataa. Alisimama wima akaeleza bila kuona haya, kama mtu aliyefanya jambo la akili.

"Wakati ya Ramadhani nilienda Bangale, grisi ikaisha. Duka zote hakuna. Nikajaza pampu na samli, ile safi ya nyumbani. Gari ikanyamaza kabisa! Nikasema hii ni nzuri kushinda grisi, mpaka leo naweka hiyo. Kamba ya ngozi si tunapaka hiyo hiyo, na haikatiki?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama kwenye injini ameweka maziwa ya mgando. Mwingine akasema sasa tunajua kwa nini gari la Asli limenona. Mohdhar naye alicheka mpaka akashika ubavu, na alikuwa na haki ya kucheka, maana kifua chake kilikuwa kimefunguka ghafla. Akawaeleza wote kwa sauti: samli ikipata moto huyeyuka ikawa maji, humwagika, vijisindano vikabaki vikavu vikatafunana. Hata krosi itoke mbinguni haiwezi kupona. Yote hayo ni kweli, na aliyasema vizuri sana.

Asli hakucheka. Alimwambia Dukicha maneno ya Kiorma, machache na ya haraka, kisha akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Dada..."

"Lete. Nitatafuta dereva."

Dukicha aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha dada yake, naye Asli akaupokeza kwa Mohdhar. Alimwambia anataka gari alasiri, akaondoka kwa miguu kuelekea kibandani. Watu wakatawanyika na kicheko chao, na kabla ya saa moja kupita, habari ya samli ilikuwa imeshafika kila duka.

Mohdhar alirudi kazini akiimba. Krosi mpya ya akiba ilikuwapo, ya kuifunga nyuma. Lakini kwa kuwa samli ilikuwa imeingia propela nzima, ilimbidi aifungue na krosi ya mbele, ile ya upande wa giaboksi, aisafishe na kuitia grisi ya kweli. Aliifungua. Mlikuwa na samli tele ndani yake, kama ile ya nyuma. Akaiosha kwa petroli, akaiweka juu ya kitambaa, akachutama.

Krosi ya mbele ilikuwa nzima.

Aliigeuza upande huu na upande ule. Ncha zake nne ziling'aa. Akaiweka ya nyuma kando yake, na hiyo ilikuwa imechimbwa mistari myembamba iliyosimama sambamba kama meno ya kitana, mirefu zaidi upande mmoja. Akaacha kuimba. Zote mbili zililishwa samli, tena kwa pampu moja, siku moja. Mbona moja imeliwa na nyingine haina hata mkwaruzo?

Akainuka kwenda kwenye waya. Za Asli zilikuwapo tatu, kila moja na kijikaratasi chake. Zote za nyuma. Alizitoa akazipanga na ile ya nne, na mistari ilikuwa ile ile, upande ule ule. Kisha akasoma tarehe. Mwezi wa nane. Mwezi wa kwanza. Mwezi wa tano. Ramadhani iliangukia mwezi wa tatu. Krosi mbili zilikuwa zimeshakufa na kutundikwa kabla Dukicha hajaota kuweka samli mahali popote isipokuwa kwenye chakula.

Aliazima pima maji kwa Kassim, mwashi aliye na ujenzi uwanja wa pili, akarudi chini ya gari. Pua ya difu, pale propela inapoungana nayo, inatakiwa ielekee juu kidogo, kulifuata bomba la propela linakotoka. Aliweka pima maji juu yake na kile kitone cha hewa kikakimbilia upande asioutaka. Pua ilikuwa imeinamia ardhi. Kwa hiyo krosi ya nyuma ilikuwa ikizunguka imekunjwa kupita kiasi, mchana kutwa, na mzigo wa maziwa juu yake, na hakuna chuma kinachovumilia hayo.

Hakuhitaji kutafuta sana kilichoiinamisha. Vile vipande vya kabari alivyovifunga majini, upande mnene ulikuwa mbele. Unatakiwa uwe nyuma. Kulia vile vile na kushoto vile vile. Alivigeuza siku ile ile ya sifa, mikono ndani ya tope, kwa kupapasa, na kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa anaingia chini ya gari hilo hilo kubadilisha krosi bila kuvitilia shaka hata mara moja, kwa sababu kazi ile alishaisifu na kusifiwa.

Alilala pale chini ya gari muda mrefu. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayomfanya mtu mzima asitake kutoa miguu yake nje.

Kisha likamjia wazo, na wazo lenyewe lilikuwa jepesi mno. Avigeuze sasa hivi. Ni kulegeza yubolti nne, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, na kuzikaza tena, kazi ya saa mbili. Krosi hazitaliwa tena, samli itabaki na lawama, Mansur atakuwa ametoka kwenye tuhuma za feki bila mtu kuombwa radhi, na mamba ataendelea kupita hatua mbili kutoka miguuni mwake. Wale wengine saba atawaita mmoja mmoja, kwa hila ya kuwaangalilia breki. Nani atajua?

Alichukua spana akaanza.

Yubolti ya pili ilikuwa inalegea aliposikia mtu anakohoa. Dukicha alikuwa amekaa juu ya tairi bovu mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua kikoi chake na redio ndogo aliyoiacha ndani ya gari.

"Fundi," alisema, "nataka kuuliza kitu. Ile samli ndiyo imeua krosi zote nne?"

Mohdhar alikuwa chini ya gari, hakuna aliyeuona uso wake.

"Ndiyo," akasema.

Dukicha aliinuka kwenye tairi. "Basi dada yangu ako na haki," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiri labda zile za kwanza siyo mimi. Lakini wewe ndiye fundi." Akachukua kikoi na redio, akamwambia fundi abaki salama, akashika njia ya Minjila kwa miguu. Ni mwendo mrefu kwa mchana wa jua kali, na hakuna aliyempakia.

Mohdhar aliendelea kushika spana lakini hakuizungusha. Maneno yale, wewe ndiye fundi, yalimkaa vibaya. Kama Dukicha angemtukana ingekuwa afadhali.

Nuriya alikuja saa saba na wali wa samaki ndani ya kikapu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miezi mitatu. Alikuwa amepitia kwa kaka yake.

"Mansur asema samli imemtoa," alimwambia huku akifungua sahani. "Asema hata huna haja ya kumwomba radhi, bora mji umejua. Nami nikasema alhamdulillahi, afadhali amepatikana mwenye kosa."

Mohdhar alinawa mikono. Aliitazama sahani, akanawa tena, safari hii kwa sabuni mpaka viwikoni, akavua ovaroli na kuvaa shati lake.

"Wenda wapi? Chakula chapoa."

"Kiweke tini ya kawa," alisema. "Narudi."

Alikwenda kwa miguu mpaka stendi. Asli alikuwa kwenye kibanda chake, amezungukwa na madumu ya maziwa na wanawake sita au saba waliokuwa wakipimiwa. Upande wa pili madereva walikuwa wamekaa kivulini, na Mansur alikuwa mlangoni pa duka lake. Mohdhar alikuwa amepanga amwite Asli pembeni. Lakini alipofika aliona uso wa Mansur, akakumbuka kwamba yeye hakumwita Mansur pembeni siku ile. Akasimama katikati ya njia.

"Bi Asli," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Si samli."

Asli aliinua kichwa.

"Samli ni kosa, na isiwekwe tena. Lakini haikuua krosi zako. Mbili zilikufa kabla ya samli. Na si barabara, wala si bidhaa za shemeji yangu, nilimsingizia. Ni mimi. Vile vyuma nilivyokufungia wakati wa mafuriko nilivigeuza. Upande mnene niliuweka mbele. Tangu siku ile gari lako linakwenda limevunjwa kiuno, na mimi ndiye niliyelivunja."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimtafsiria mwenzake kwa Kiorma, na yule mwenzake akaweka dumu chini.

"Ile kazi ya ndani ya maji?" Asli aliuliza. "Ile watu wanaimba?"

"Hiyo hiyo. Na mamba, hakukuwa na mamba."

Asli alijifuta mikono. Alikuwa na sababu ya kupiga kelele, na Mohdhar alizingoja kelele hizo kwa kichwa kilichoinama. Badala yake Asli alimgeukia kijana mwenye pikipiki na kumwambia amfuate Dukicha njia ya Minjila, amrudishe, amwambie ufunguo wake uko kwa fundi.

"Na umwambie samli ni ya kula," aliongeza. Kisha akamrudia Mohdhar. "Wewe ulifungia gari yangu peke yake?"

Swali hilo ndilo alilokuwa analiogopa tangu chini ya gari. Magari mengine yale hayabebi mzigo wa Asli, kwa hiyo krosi zake zilikuwa zinakufa polepole, na wenyewe walikuwa wanalalamikia barabara kama alivyowafundisha. Wenye magari matatu kati ya hayo walikuwa wamekaa pale kivulini.

"Saba," Mohdhar alisema. "La Roba. La Masha. La Rashad wa mawe. La Zakaria..." Aliwataja wote, bila kuruka hata mmoja, na wale watatu wa kivulini, kila mmoja aliposikia jina lake, alisogea au aligeuza uso. "Waje. Nitavigeuza vyote, sitaki kitu."

Roba alisimama. Mwezi wa sita propela yake ilikatika karibu na Minjila akiwa na abiria tisa nyuma, wawili wao watoto, na gari liliingia mtaroni. Hakuna aliyekufa. Mohdhar mwenyewe ndiye aliyeifunga upya, akampa pole, na Roba akamshukuru.

"Hata yangu?" Roba aliuliza.

"Hata yako."

Roba alimtazama kama asiyemfahamu, akaondoka.

Aliyefuata kusema ni Mansur. Aliita kutoka mlangoni kwake bila kumwangalia Mohdhar, akiwaambia madereva. "Mmesikia. Anayehitaji krosi ziko dukani. Ni zile zile feki." Wachache walicheka, na mmoja akapiga makofi. Mohdhar alitaka kucheka nao, lakini machozi yalimtangulia, akageuka kurudi gerejini kabla hayajaonekana vizuri. Kufikia alasiri gari la Asli lilikuwa tayari, vyuma vimekaa inavyotakiwa, na Dukicha alilitoa gerejini bila kusikika hata kok moja. Alishusha kioo akasema ahsante, fundi, kama kawaida yake.

Kesho yake asubuhi, Mohdhar alipofika kufungua, gari la Roba lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya mlango. Roba alikuwa ameegemea boneti. Mohdhar alitoa salamu, Roba hakuijibu. Aliweka ufunguo juu ya boneti, akavuka barabara, akakaa upande wa pili mahali anapoweza kuona kila kitu kinachofanyika chini ya gari lake.

Mohdhar alitandika gunia, akalala chali, akaanza na gurudumu la kushoto. Alipogeuza kichwa, kupitia chini ya gari, aliona miguu ya Roba ng'ambo ya barabara. Haikuondoka mpaka yubolti ya mwisho ilipokazwa.